Betri mpya, taa zinang'ara, gari inalia "tik" tu

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Makunduchi, nina Toyota Vitz. Tangu kusi ishike, asubuhi nikiwasha inalia "tik" moja tu, wala taa za dashibodi hazififii. Nimetia betri mpya, hali ile ile. Jirani akinibusti betri kwa betri, haiwaki. Juzi kibanio cheusi cha nyaya za kubusti alikibana kwenye chuma cha injini badala ya betri, ikawaka papo hapo. Naambiwa ninunue stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Ninunue?

JAWABU: Marahaba, mwalimu wangu. Usinunue. Stata mbovu haiponi kwa kuhamisha kibanio, na hiyo ya juzi imezunguka mara moja. Jirani yako amekuonesha ugonjwa ulipo: umeme hauna njia nzuri ya kurudi kutoka injini hadi betri. Ni waya wa ethi, ule unaounga hasi ya betri na bodi na injini.

Taa za dashibodi zinakula umeme kidogo sana, ndiyo maana zinang'ara. Stata ya gari ndogo inataka ampea 100 na zaidi. Kiungo kilicholiwa na kutu kinapitisha kidogo, kikubwa kinakwama. Na huko kwenu upepo wa kusi unaingia moja kwa moja kutoka baharini na chumvi yake. Chumvi hiyo hupenya chini ya mpira wa waya, shaba ikageuka unga wa kijani, na kwa nje waya unauona mzima. Nimekata nyaya nyingi za magari ya pwani nikazikuta hivyo, na wenyewe wameshanunua betri mbili. Inaniuma, kwa sababu ule waya bei yake ni ndogo mno kuliko stata.

Hakikisha kwanza. Azima multimita, kile kipimo cha umeme, iweke volti za DC. Gia iwe P, breki ya mkono juu. Ncha nyeusi igusishe kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kichwa kilichoibana. Nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu awashe huku unasoma. Ikiwa chini ya 0.3, ethi ni nzima, na hapo ndipo nitakubali kutazama waya mnene wa chanya na magnetiki ya stata, ile swichi yake ya umeme. Ikipita 0.5, mwizi umemkamata.

Fungua hasi kabla ya chanya, maana spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya itapiga cheche. Kisha fuata waya mweusi hadi unapofungwa kwenye bodi, na ule unaotoka bodi kwenda injini au giaboksi. Piga msasa mpaka chuma king'are, kaza, halafu paka grisi juu. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe vioshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi. Soda ya kunywa usivimwagie, inaacha sukari. Waya uliooza ndani hausafishiki, badilisha kwa mwengine wa unene ule ule. Hasi irudishe mwisho.

Ikishawaka, pima betri injini ikinguruma: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikisoma chini ya 13, alteneta (jenereta ya gari) haichaji, nayo itaiua hiyo betri mpya.