75,000 ya kandarasi si 75,000 ya mfukoni

Kaka, umeuliza kama uache mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi uchukue kandarasi ya 75,000, kazi ile ile ya kutunza AC za hoteli. Mimi niliingia kandarasi kama hiyo hapa Nyali, Mombasa, kwa miaka mitatu, na pesa zilikuwa karibu na hizo zako.

Mshahara kwanza. Kwa viwango vya 2025, 60,000 inakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 3,600, SHIF (bima ya afya) 1,650 na ushuru wa nyumba 900. Kinachobaki ndicho kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kama 8,540 ukishaondolewa ile nafuu ya kodi ya 2,400. Mkononi unapata 45,300 hivi. Inauma, najua.

Kwa kandarasi, mteja anakata asilimia 5 tu, yaani 3,750. Mwezi wa kwanza niliona 71,250 benki nikamwambia mke wangu tumetoka shimoni. Kumbe ile asilimia 5 ni malipo ya awali ya kodi. Ritani ya kodi ya mwaka unajaza mwenyewe, na salio lilipwe kufikia 30 Aprili. Usiku huo nilikaa mezani na boksi la risiti za gharama zinazopunguza kodi: gesi, mabomba ya shaba na petroli. Nyingi zilikuwa nyeupe kabisa, joto la gari limefuta maandishi. iTax, ule mtandao wa kulipia kodi, ikanionyesha deni la zaidi ya 80,000. Tena mteja mmoja alikuwa amenikata miezi miwili bila kuipeleka pesa hiyo KRA, mamlaka ya kodi. Cheti cha makato hakuna, kwa hivyo ni kama sikukatwa. Siku hizi risiti naipiga picha pale pale dukani, na vyeti navikagua kila mwezi.

Halafu kuna Mei. Mvua inanyesha, wageni hawapo, hoteli inafunga vyumba nusu na simu yako hailii. Mwajiriwa ana siku 21 za likizo ya malipo kisheria. Mimi nilianguka ngazini nikateguka kifundo cha mkono, wiki tatu nyumbani, sikupata hata shilingi. Fundi aliyeajiriwa angekuwa na haki ya fidia ya kuumia kazini.

Sikukatazi. Kandarasi inalipa ikiwa uko huru kushika kazi nyingine Bamburi na Diani. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na wateja wanne, na hapo ndipo nilipoona faida. Lakini kwa mteja mmoja pekee, mimi singeshuka chini ya 95,000, na kila malipo yakiingia ningetenga asilimia 20 kwenye akaunti nyingine siku hiyo hiyo.

Na jambo moja uwaulize kabla ya kutia sahihi: wanakutaka hapo kila siku saa mbili hadi saa kumi na moja, na sare yao, chini ya msimamizi wao? Kama ndivyo, hiyo ni ajira waliyoibadilisha jina ili wasikuchangie NSSF. Waombe barua ya kuajiriwa.