Jahazi la Mirihi

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina umri wa miaka 19 na ninaandika riwaya ya vijana inayotokea katika sayari ya Mirihi. Msichana na mdogo wake wanatoroka kambini kwa jahazi la magurudumu linalosukumwa na tufani ya vumbi, na tanga lake nimelichora kwa kuyatazama majahazi ya hapa kwetu. Rafiki yangu anayesoma fizikia alicheka, akasema haliwezekani. Je, nilifute?
Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amesema kweli, ingawa kicheko hakikuwa na lazima. Kanieneo ya hewa ya Mirihi, yaani mgandamizo wake, haifiki hata asilimia 1 ya ile ya duniani, kwa hiyo upepo wa huko, hata ukivuma kilomita 100 kwa saa, haujazi tanga. Tufani ya Mirihi hudhuru kwa giza: mwaka 2018 vumbi liliziba jua hadi chombo cha Marekani kiitwacho Opportunity, kilichotegemea umeme wa jua, kikanyamaza moja kwa moja.

Hata hivyo nisingelifuta jahazi hilo. Ningelihamishia Titan, mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Zohali. Hewa ya huko ina kanieneo ya takriban mara moja na nusu ya hewa yetu, na karibu na ncha zake yapo maziwa na bahari za methani na ethani zilizo katika hali ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Upepo wa chini ni wa polepole, lakini kwa kuwa hewa ni nzito, tanga litashika. Kimiminika hicho nacho ni chepesi kuliko maji, hivyo chombo kitadidimia zaidi. Mpe fundi wako ubavu mrefu kuliko wanaouchonga mafundi wa Bagamoyo.

Usiandike kwamba cheche moja italipua bahari nzima. Methani haiwaki pasipo oksijeni, na hewa ya Titan haina oksijeni ya kuiwasha. Hatari imo katika mtungi wa msichana mwenyewe: ukivuja karibu na waya wenye hitilafu, moto utaanzia mgongoni pake, na wito wao wa msaada utachukua zaidi ya saa nzima kufika duniani. Hapo ndipo ningeiweka sura ya katikati. Ila kwanza amua jambo ambalo barua yako haikuligusa: kambini wanamkimbia nani?