Maswali ya Wasomaji: Ninakesha Kila Siku na Bado Ninabaki Nyuma

Swali: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na sasa tuko katikati ya muhula. Shuleni nilikuwa miongoni mwa wanaoongoza darasa na sikuwahi kukesha. Hapa nina masomo sita, kila somo lina asaimenti zake, kazi za vikundi zinafanyika usiku, na baadhi ya mihadhara huanza saa moja asubuhi. Ninalala saa nane au tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili, kisha mwisho wa wiki ninalala hadi adhuhuri ili kufidia. Siku hizi hata nikipanda kitandani mapema usingizi hauji. Moyo unakwenda mbio nikiwaza yale ambayo sijayamaliza, halafu darasani nasinzia. Wenzangu wanaonekana kumudu. Je, niongeze bidii, nipunguze masomo, au kuna namna ya kuuzoesha mwili usingizi mdogo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu majibu ya yale mengine yanalitegemea. Mwili hauzoei usingizi mdogo. Unachozoea ni kutojitambua kwamba umechoka. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003, watu wazima wenye afya waliolala kwa muda wa saa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14 mfululizo walifikia kiwango cha kukosa umakini kinachofanana na cha mtu aliyekaa hadi siku mbili bila kulala kabisa, lakini walipoulizwa hali zao walijibu kwamba wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo hao wenzako wanaoonekana kumudu si ushahidi wa lolote, na huenda nao wanakutazama wewe na kudhani kwamba unamudu.

Kijana wa umri wa miaka 18 hadi 25 hushauriwa kulala kwa muda wa saa 7 hadi 9, nawe unapata nusu ya kiwango hicho au chini yake. Kabla ya kubishana na hesabu hii, fungua daftari lako utazame maelezo uliyoyaandika baada ya saa sita usiku. Nadhani utakuta sentensi zilizoishia njiani, mishale isiyoelekea popote, na aya uliyoipigia mstari wote bila kukumbuka ilihusu nini. Kazi hiyo utairudia kesho yake, na muda wa kuirudia utauchota tena kwenye usingizi. Hapo ndipo muda wako unapopotea, wala si kwenye uvivu, na ndiyo maana sikushauri uongeze bidii ya aina hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulikosea, nalo ni kudhani kwamba kusoma ni kazi na kulala ni mapumziko baada ya kazi. Ubongo huendelea kuyapanga na kuyaimarisha uliyojifunza wakati umelala. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti kuhusu wanafunzi wa somo la kemia katika chuo cha MIT, ambao walivaa vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa muhula mzima. Waliolala muda mrefu zaidi, tena kwa utaratibu usiobadilika-badilika, ndio waliokuwa na alama bora, ilhali usingizi wa usiku mmoja kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote na alama hizo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba usingizi pekee ndio ulioleta alama, lakini unatosha kumtia mashaka yeyote anayekusudia kukesha muhula mzima na kulala vizuri usiku mmoja tu.

Sasa tuje kwenye matendo. Anza na saa ya kuamka, usianze na saa ya kulala. Ukiamka saa kumi na mbili siku za masomo na saa sita mchana siku za mapumziko, saa ya ndani ya mwili wako inasogezwa mbele na kurudishwa nyuma kila wiki, na Jumatatu unaingia darasani kama mtu aliyetoka safari ya mbali kwa ndege. Amka saa kumi na mbili kila siku, na mwisho wa wiki usizidishe zaidi ya saa moja. Ukishaamka toka nje upate mwanga wa asubuhi, kwa kuwa mwanga huo ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Kisha rudisha nyuma muda wa kulala kwa nusu saa kila baada ya siku chache, hadi ufike saa nne na nusu usiku. Ukijilazimisha kulala saa nne usiku wa leo huku mwili umezoea saa tisa, utabaki ukitazama dari.

Kuhusu kahawa sitakuhutubia sana. Kafeini huzuia ubongo usipokee dalili za uchovu, ingawa uchovu wenyewe unabaki palepale, na kwa kawaida huchukua takriban saa 5 kabla ya nusu yake kuondoka mwilini. Kikombe cha saa kumi na moja jioni bado kiko kazini saa nne usiku. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

Moyo kwenda mbio ukiwa kitandani ni jambo linalohitaji dawa tofauti. Kabla ya kulala, kaa mezani kwa dakika 5 uandike kwenye karatasi yale yote unayopaswa kuyafanya kesho na siku zinazofuata, kwa ukamilifu: si “takwimu”, bali “swali la 3 na la 4 la zoezi la takwimu, baada ya mhadhara wa asubuhi”. Jaribio lililofanyika Marekani mwaka 2018 lilionyesha kwamba walioandika kazi zinazowangoja walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzimaliza. Usingizi usipokuja baada ya kama dakika 20, ondoka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, na urudi pale tu unaposinzia. Usisomee kitandani. Najua kwamba katika vyumba vingi vya hosteli kitanda ndicho kiti na ndicho meza, lakini ndiyo sababu nzuri ya kuitumia maktaba hadi jioni.

Baki sasa na mzigo wenyewe. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, mwaka mzima wa masomo hukadiriwa kuwa na saa 1,500 hadi 1,800 za kazi ya mwanafunzi, mihadhara ikiwamo. Yaani takriban saa 40 kwa wiki. Chukua ratiba tupu ya wiki moja, jaza usingizi kwanza, halafu mihadhara, halafu muda wa kujisomea, ukikomea kwenye saa 40 au kuzidi kidogo. Masomo sita yakikataa kuenea humo, mwone mshauri wako wa kitaaluma kabla muda wa kubadilisha usajili haujapita, na uulize iwapo kupunguza somo kunagusa masharti ya mkopo au ufadhili wako. Watu wa kikundi nao waambie waziwazi: “Mimi nipo hadi saa tatu usiku, sehemu yangu nitaileta kesho mchana.” Mara nyingi wapo wengine waliokuwa wakingoja mtu aseme hivyo.

Badilisha pia namna ya kusoma. Jaribio la mwaka 2006 lilionyesha kwamba waliofunga kitabu na kujaribu kuyakumbuka waliyosoma walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kukisoma. Kwa mtu aliyebanwa na muda kama wewe, hilo ndilo punguzo kubwa la kazi ninalolijua.

Iwapo usingizi utaendelea kukataa licha ya haya, au ukikaa wiki mbili bila hamu ya chochote, nenda kwenye zahanati au ofisi ya ushauri nasaha ya chuo. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya usingizi ulivyopewa na mwenzako wa chumbani.

Swali: Je, kulala mchana kunaharibu usingizi wa usiku?

Jibu: Kukiwa kwa dakika 20 na kabla ya saa tisa alasiri, kwa wengi hakuharibu. Kukiwa kwa saa mbili jioni, kunaharibu.

Swali: Mtihani ni kesho asubuhi na nimebakiza mada tatu. Nikeshe?

Jibu: La. Utafiti wa mwaka 1997 ulilinganisha waliokaa macho na waliokunywa pombe: baada ya saa 17 za kutolala, utendaji wao ulishuka sawa na wa mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kama uliamka saa kumi na mbili asubuhi, kiwango hicho unakifikia saa tano usiku. Chagua mada moja kati ya hizo tatu, ile inayojirudia zaidi kwenye mitihani iliyopita, jiulize maswali yake hadi saa nne, andaa kalamu na kitambulisho, tega kengele mbili, kisha lala. Ukiamua kukesha hata hivyo, asubuhi usiendeshe gari wala pikipiki. Tembea kwa miguu au panda na mwenzako aliyelala.