Boma letu limefika linta, fedha za serikali zitakuja lini?

SWALI: Kijiji chetu, wilayani Tandahimba, kilijenga boma la zahanati (kuta bila paa, hadi linta juu ya milango na madirisha) kwa nguvu za wananchi. Kila mwaka tunaliombea fedha, kila mwaka halimo kwenye bajeti. Tunakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi ombi hukwama kwenye kata, si Dodoma. Mkutano mkuu wa kijiji huibua mradi, Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani huupambanisha na ya vijiji vingine, kisha halmashauri huuchuja kabla ya kuuingiza kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti. Huko kuna ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha fedha kisichoruhusiwa kuzidishwa, na kijiji kilichoandika vipaumbele tisa ni kama hakijaandika hata kimoja. Andikeni viwili, zahanati iwe ya kwanza.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na kazi hii huanza miezi mingi kabla, watu wakiwa bado mashambani na korosho zao. Mkutano hukosa akidi, mtendaji wa kijiji hunakili orodha ya miradi ya mwaka jana. (Orodha hiyo huwa na mradi uliokwisha kamilika!) Itisheni mapema.

Ambatisheni muhtasari uliosainiwa, mahudhurio, uthibitisho kwamba eneo ni la kijiji na makadirio ya gharama ya mhandisi wa halmashauri. Mganga Mkuu wa wilaya aulizwe kama ramani ya jengo ni ile ya Wizara ya Afya. Boma lenye vyumba pungufu kuliko ramani hiyo hupitwa na la jirani lililo kwenye msingi tu.