Redio uliyojiundia imegoma? Usiguse aisii kwanza

Wengi wanaoniletea redio za QCX zilizogoma wanakuja wameshang'oa aisii (zile chipu zenye miguu mingi) tayari, na hapo ndo kazi inakuwa ngumu maana ubao ukishapigwa moto mara mbili tatu zile njia za shaba zinaanza kubanduka. Jamani, kwenye redio ya kuunda mwenyewe kifaa kuja kibovu ni nadra sana. Karibu kila mara ni jointi (pale mguu wa kifaa ulipochomelewa ubaoni), au kitu kimechomekwa kinyume, au waya wa koili, na hili la koili ndo ntalieleza kwa kirefu.

Kwa asiyeijua, QCX ni redio ndogo ya morse (mawasiliano ya milio mifupi na mirefu) aliyoibuni Hans Summers wa QRP Labs, ilitoka 2017, unaletewa ubao na vifaa vyake unachomelea mwenyewe, ikikamilika inarusha kama wati 5.

Anza na umeme. Siku ya kwanza usiunge betri moja kwa moja, tafuta balbu ya indiketa ya bodaboda, ya volti 12, ipitishe katikati ya waya wa chanya. Ikiwaka kwa nguvu kuna shoti, chomoa haraka. Isipowaka, au ikiwa na wekundu wa mbali tu, endelea, pima mguu wa kutokea wa ile 7805 (kifaa cha miguu mitatu kinachoshusha volti), unatakiwa upate volti 5. Skrini ikiwa tupu zungusha kwanza trima ya kontrasti (kile kirekebishi kidogo cha ukolevu wa maandishi) kabla hujawaza kingine chochote. Ikionyesha mstari wa viboksi bila maandishi basi prosesa haijaamka, kagua miguu yake na kristali ya MHz 20, ile inayoipa mapigo. Mimi napiga picha jointi kwa simu, tochi naiweka ubavuni, halafu nazumu, ile risasi ya kuchomelea iliyolala juu tu bila kushika inaonekana wazi.

Sasa T1. Hii ni koili ya duara yenye mizunguko minne tofauti, mitatu mifupi na mmoja mrefu, na ndo inayopokea mawimbi kutoka kwenye antena. Waya wake ni wa shaba wenye vanishi, kama ule wa kusukia mota, na vanishi isipotoka risasi inakumbatia waya kwa nje inang'aa vizuri kabisa ila umeme haupiti. Kuna kijana aliniletea ya kwake, skrini inaonyesha, frikwensi inabadilika ukizungusha, ila kwenye hedifoni ni mvumo mwembamba tu, hakuna stesheni hata moja, na yeye alishaagiza aisii mpya. Tukageuza ubao, mita kwenye mlio (inalia umeme ukipita), mzunguko wa kwanza ukalia, wa pili ukalia, wa tatu kimya. Jointi yenyewe ukiitazama ni nzuri kuliko zote! Tukatoa ule mguu, tukakwangua kwa kiwembe mpaka ukawa mwekundu pande zote, tukaupaka risasi, tukaurudisha, na jioni ile ile morse ikaanza kusikika kwenye MHz 7.030.

Ukipima gusa pedi za ubao (vile viduara vya shaba), usiguse ncha ya waya iliyochomoza juu, maana ncha imekatwa na shaba yake iko wazi, mita italia wakati ubaoni hakuna kitu kinachofika. Kama hupendi kukwangua, weka tone la risasi kwenye ncha ya solda (chuma cha moto cha kuchomelea), zamisha waya humo ushikilie kama sekunde 10 mpaka vanishi ichemke itoe kamoshi. Moshi huo usiuvute, fungua dirisha.

Ikisikia ila hairushi, angalia zile BS170 tatu za mwisho, transista zinazosukuma mawimbi kwenda antena. Zimeungwa sambamba kwa hiyo ikifa moja kwa shoti, mita inakuonyesha shoti kwenye zote, ni bei rahisi, badilisha zote tatu uishi kwa amani. Kinachoziua mara nyingi ni kubonyeza ufunguo wa morse bila antena, nawasihi sana msifanye hivyo. Tengeneza mzigo wa majaribio wa kuweka badala ya antena, rezista 20 za 1k, robo wati kila moja, ziunge sambamba unapata omu 50 zinazobeba wati 5, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na usumbufu. Ile balbu itoe kabla ya kurusha maana umeme unapanda kwenye nusu ampea hivi na balbu itakula volti za redio.

Na kama redio inasikia ila makelele yamezidi, kabla hujaifungua tena chomoa chaji za simu zote ndani na kontrola ya sola, halafu itumie kwa betri tupu. Nyumba nyingi makelele yanatoka huko, redio haina shida. Kuiunga kwenye antena na kurusha ni mpaka uwe na leseni, kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya.