Kanzu imeungua, uso umekuwa kiza: nifanyeje?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mpiga picha chipukizi, naishi Chake Chake. Napiga harusi, mahafali ya skuli na mara mojamoja nachukuliwa na wageni. Tatizo langu ni nyuso. Nikimpiga bwana harusi na wazee wake nje ya msikiti, ama kanzu zinaungua na kuwa kama karatasi tupu, ama kanzu zinakaa sawa lakini nyuso zinakuwa kiza. Nikizing'arisha kwenye kompyuta zinageuka rangi ya majivu, na wenyewe wananambia, "Huyu si mimi." Kamera yangu ni ya zamani kidogo na naiacha kwenye oto, ijipangie mwanga yenyewe. Nimeweka fedha, je, ninunue mpya? Na nyuso za kazi zako za karibuni, ile harusi ya Mji Mkongwe na kinamama wa mwani, umezipataje?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Usinunue kamera. Hiyo uliyonayo, maadamu inakuruhusu kupanga mwanga kwa mkono, inaweza kushika kanzu na uso katika picha moja. Yanayokushinda ni mambo mawili yaliyochanganyika: kamera inapima kitu kisichokuhusu, na watu wako wamesimama pahala pabaya. La pili ndilo kubwa, lakini naanza na la kwanza kwa sababu linaeleweka upesi.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala uso. Kimetengenezwa kidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha katikati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Sasa angalia watu wetu. Kanzu safi hurudisha kama asilimia 90. Ngozi nyeusi hurudisha kama asilimia 10, pengine chini ya hapo. Baina ya viwili hivyo pana tofauti ya mara tisa, yaani stopu tatu na kidogo, kwa kuwa kila stopu moja ni kuuongeza mwanga mara mbili au kuukata nusu. Wasimamishe wazee kumi wenye kanzu mbele ya ukuta wa chokaa, na kamera iliyo kwenye oto itaona weupe umezidi, itaupunguza mpaka uwe kijivu, na nyuso zitazama pamoja nao. Mpige bibi mwenye buibui jeusi mbele ya mlango wa mbao, kamera itafanya kinyume chake: itaongeza mwanga mpaka uso upauke. Kamera imefanya ilivyofundishwa mara zote mbili.

Na mafunzo hayo yana historia yake. Zama za filamu, kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la kadi ya Shirley, wapimie rangi kwayo. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, ngozi yetu ikabaki kama ilivyotoka. Hata hivyo hapa kwetu watu walipigwa wakapigika. Tafuta picha za nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliifungua Mji Mkongwe mwaka 1930, uzitazame nyuso zile kwa makini. Utaona shavu, utaona kipaji, utaona jicho limekaa hai. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba watu weusi ni wagumu kuwapiga.

Tuje kwenye kamera yako. Itoe kwenye oto, iweke kwenye M, ile ya kupanga mwanga kwa mkono. Badilisha namna ya kupima iwe ya nukta, ile inayosoma sehemu ndogo tu katikati ya fremu. Msogelee bwana harusi, ielekeze nukta kwenye shavu lake lililo upande wa mwanga, halafu panga mpaka kipimo kisome chini ya sifuri kwa stopu moja hivi. Kwa nini chini? Ukikiacha kwenye sifuri utaifanya ngozi yake iwe kijivu cha katikati, na yeye ni mweusi kuliko hapo. Mtu wa maji ya kunde unaweza kumwacha karibu na sifuri. Ukishapanga, usiguse tena maadamu mwanga ni uleule. Akiingia mzee mwengine mwenye kanzu, wakiingia kumi, kipimo chako hakitikisiki, na hiyo ndiyo faida ya M.

Hapo uso umekaa stopu moja chini ya kijivu, na kanzu imekaa kama stopu mbili na robo juu yake. Ukipiga kwa faili ghafi, ile iliyoandikwa RAW kwenye menyu, kamera nyingi zina nafasi ya kutosha kuzibeba stopu hizo bila ya kanzu kuungua. Washa onyo la kumetameta ili sehemu zilizoungua zikupepese kwenye kioo. Ikipepesa ncha ya bega peke yake, endelea na kazi. Likipepesa kanzu zima, usikimbilie kupunguza mwanga, kwani uso utazama tena. Inua kichwa utazame pale aliposimama.

Hesabu hiyo, ndugu yangu, inasimama kwa sharti moja tu: kanzu na uso viwe katika mwanga mmoja. Kanzu ikiwa juani na uso ukiwa kivulini, stopu tatu zinakuwa tano au sita, na hapo hata kamera ya bei kubwa itakuaibisha. Hili ndilo linalokupata nje ya msikiti. Sisi tuko karibu mno na ikweta. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini yake na Pemba kama 5. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hutupitia utosini hasa. Mabega yanawaka, na nyusi zinaangusha kivuli juu ya macho mpaka yanakuwa mashimo. Mwezi wa Juni, kusi likivuma, jua la mchana limelala kidogo upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, na mtu akielekea huko macho yake hupata mwanga angalau kidogo. Na usiihesabu saa sita kamili kuwa ndiyo kilele. Kwetu jua hufika juu kabisa kiasi cha saa sita na dakika ishirini hivi, hubadilika kidogo kwa miezi.

Bahati nzuri nikaha nyingi ni baada ya Alasiri, na ile ya Mji Mkongwe uliyoiuliza ilikuwa wakati huo. Sikumpiga bwana harusi mlangoni mwa msikiti. Nilishapita mapema kwenye vichochoro vya jirani nikitafuta kitu kimoja: ukuta mmoja unaopigwa na jua na wa pili ulio kivulini, vikitazamana. Mji Mkongwe umejaa kuta za namna hiyo kwa sababu njia ni nyembamba na nyumba ni ndefu. Ukuta wa chokaa uliopigwa na jua unageuka taa kubwa kuliko yoyote utakayoikodi. Nikamketisha kwenye baraza ya upande wa kivuli, uso wake ukielekea ukuta ule. Kanzu, joho na uso vyote vikapata mwanga mmoja, laini, unaotoka ubavuni. Ila chagua ukuta mweupe. Ukuta wa kijani utamtia mtu ukijani shavuni, na kuuondoa kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha.

Nakaa kidogo hapa kwenye ubavuni, maana ndipo kazi yangu ilipobadilika. Ngozi nyeusi huchorwa zaidi na mng'ao kuliko na weupe. Mwanga unaopenya ngozini na kurudi ni mchache, kwa hiyo jicho linasoma umbo la uso kwa ule mwanga unaoteleza juu ya ngozi: mstari wa shavu, mgongo wa pua, ukingo wa taya. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo na kiko mbele, kama flashi iliyo juu ya kamera, mng'ao unakuwa madoa makali kwenye kipaji na uso uliobaki unalala bapa. Chanzo kikiwa kikubwa na kiko ubavuni, mng'ao unatandaa na uso unapata umbo. Tangu nilipolifahamu hili sitafuti tena mandhari kwanza. Nikifika pahala natafuta dirisha, mlango mpana, ukuta, turubali jeupe, na nikishakipata namleta mtu penye mwanga ule. Mlango wa nyumba unafaa kuliko vyote: mtu asimame hatua moja ndani ya kizingiti akitazama nje, kiza cha ukumbi kiwe nyuma yake.

Kinamama wa mwani walinifundisha jambo jengine, kwa sababu kwao huchagui saa. Pale Jambiani na Paje, ambako mwani unalimwa kwa biashara tangu 1989, bahari ndiyo inayopanga. Kwenye bamvua maji hupwa mbali katikati ya asubuhi, jua likishapanda, nao wanaingia kazini wakati huohuo. Ukisubiri mwanga mzuri wa jioni utakuta wamesharudi kwao na maji yamejaa. Basi nilikuwa nawapiga jua likiwa mgongoni mwao. Nyuma ya vichwa panawaka, lakini mchanga mweupe na maji machache yanarudisha mwanga kutoka chini na kuujaza uso, hata chini ya mtandio. Kipimo kinatoka kwenye shavu lililo upande wa kivuli, na anga ikiungua kidogo naiacha iungue, sikuja kuipiga anga. Kabla ya hayo yote nilikaa nao, nikaomba ruhusa na nikasema picha zinakwenda wapi. Mwanamke aliyeinama majini hapaswi kuviziwa kwa lenzi ndefu, na uso wa mtu aliyeridhia unakaa tafauti kabisa mbele ya kamera.

Huko kwenu Pemba una skuli bora ya mwanga kuliko mimi. Msimu wa karafuu, nenda zinakoanikwa. Majamvi yamejaa karafuu za hudhurungi, watu ni weusi, hakuna cheupe cha kuidanganya kamera. Piga mtu aliyeketi pale kwa oto, uone jinsi inavyompausha. Kisha mpige kwa kupima shavu. Ukizilinganisha picha hizo na za bwana harusi wako utaona kosa ni moja limegeuzwa upande.

Sasa hayo majivu. Uso uliopigwa kiza una taarifa chache za rangi, na ukiuinua kwenye kompyuta unainua chembechembe pamoja nao. JPEG, ile faili ya kawaida ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana nasisitiza RAW. Sababu ya pili ni kivuli chenyewe: kivuli cha mchana kinaangazwa na anga ya buluu, na ubuluu ukikaa juu ya ngozi ya hudhurungi unaifanya ya majivu. Weka mizani ya weupe, yaani mpango wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga, kwenye alama ya kivuli, ngozi itarudi na joto lake. Wala usibonyeze kanzu kuwa ndiyo kipimo cha weupe kwenye programu. Kanzu zetu nyingi hutiwa buluu zinapofuliwa, na sabuni za siku hizi zina dawa ya kung'arisha, kwa hiyo kanzu nyeupe kwa macho ina ubuluu kwenye picha. Beba kadi ya kijivu uibonyeze hiyo badala yake, ni rahisi na haiharibiki.

Wateja wengine watakuomba uwafanye weupe. Mimi nakataa, na ninamwonyesha mteja picha iliyopigwa vizuri kabla hajalisisitiza ombi lake. Mara nyingi alichokuwa anakikimbia ni ule ujivu, si rangi yake. Mpe uso wake wenye mng'ao na umbo, naye atautambua.

Usiku ukumbini ni hadithi fupi zaidi. Usielekeze flashi usoni. Igeuzie ukuta mweupe ulio nyuma yako au ubavuni mwako. Kwenye nyumba kongwe usiipige juu, kwani dari ni refu na boriti zitaumeza mwanga au kuutia rangi ya mti. Na chini ya taa za ukumbi usipite kasi ya shata ya 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi kubwa zaidi huleta mistari ya kiza kwenye picha.

Fedha ulizoweka zina matumizi. Nunua rifulekta ya kukunja, yaani kitambaa cha kurudishia mwanga, na utumie upande wake mweupe. Ule wa dhahabu unawafanya watu kama wana homa ya manjano. Kabla hujaipata, shuka jeupe lililoshikwa na vijana wawili linafanya kazi hiyohiyo. Kisha lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ndiyo lenzi ya bei nafuu yenye faida kubwa kuliko zote kwa nyuso. Ukipata harusi nyengine kabla ya hapo, nenda siku moja mapema kwenye msikiti wenyewe, saa ileile ya nikaha, uzunguke nje uone ukuta gani unawaka.