Maswali yenu: Nipunguzeje muda wangu wa nusu marathoni?

Nusu marathoni yangu ya kwanza nilimaliza kwa saa 2 na dakika 8. Sasa nataka kushuka chini ya saa mbili. Nakimbia mara tatu kwa wiki, kila mara kwa nguvu zangu zote, lakini muda haushuki. (Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu yangu, shida iko hapo hapo kwenye "nguvu zangu zote". Kumaliza kilomita 21.1 za nusu marathoni ndani ya saa mbili ni kukimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 41. Huo ni mwendo wa siku ya mashindano, si wa kila Jumanne. Ukijikamua kila unapotoka, misuli haipati nafasi ya kujijenga, na siku ya kwenda kasi kweli unakuwa huna cha kutoa.

Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi? Mmoja anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia, miguu inakwenda. Nataka kilomita zako nyingi ziwe za namna hiyo: mwendo ambao ungeweza kuitikia bila kukata pumzi. Kwako huenda ni dakika 6:45 hata 7:00 kwa kilomita. Watu watakupita, na utaona aibu. Waache wapite. Kwa mwendo huo moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na misuli inazoea kuchoma mafuta ya mwili badala ya kumaliza wanga mapema.

Jipe wiki 12 na uongeze siku ya nne. Siku mbili ziwe za mchakamchaka. Siku moja iwe ya kasi: wiki hii dakika 20 mfululizo kwa mwendo unaokuruhusu kusema maneno matatu tu kwa pumzi moja, wiki ijayo kilomita moja mara tano kwa dakika 5:20, ukipumzika dakika mbili kila baada ya kipande. Jumapili ni mbio ndefu, kuanzia kilomita 10 na kupanda taratibu hadi 18. Kila wiki ya nne punguza, na siku kumi za mwisho kata kilomita zako karibu nusu.

Wiki tatu kabla ya mashindano, kimbia kilomita 10 kwa nguvu, kisha zidisha muda huo kwa 2.2. Dakika 54 zinakupa kama 1:59. Ukipata dakika 56, lengo la haki ni 2:03, na hizo ni dakika tano ulizozipunguza kwa jasho lako.

Je, Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kutafuta muda bora? (Dodoma)

Hapana. Naipenda mbio ile kuliko zote, watu wa Moshi wanavyojipanga barabarani kushangilia hakuna mfano, lakini nusu marathoni yake inapanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha mjini. Unachopoteza ukipanda hukipati chote ukishuka, kwa sababu mteremko unapiga mapaja na kukulazimisha kujizuia. Nenda Moshi ukafurahie na upime moyo wako. Muda utafute kwenye barabara tambarare, inayoanza alfajiri na yenye kona chache.

Nina uwezo wa kununua raba za mtumba tu. Zitanirudisha nyuma? (Mbagala)

Hazitakurudisha nyuma ukijua kuchagua. Pale soko la mitumba la Karume huwa nafanya hivi: naigeuza raba, nabonyeza kwa kidole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na mguu. Ikibonyea na kurudi, bado ina uhai. Ikiwa ngumu kama ubao, au ubavuni ina mikunjo mingi kama shingo ya kobe, iache hata kama rangi inang'aa. Halafu iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza aliimaliza kwa hatua zake, na wewe utazirithi hatua hizo magotini. Mbele ya kidole kikubwa iachie nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa kuwa mguu huvimba kwenye mbio ndefu. Zile raba zenye bamba la kaboni zinasaidia kweli, lakini mtu wa saa mbili anapata zaidi kwa kuongeza siku moja ya mazoezi.

Assalamu alaykum. Ramadhani inaangukia katikati ya mazoezi yangu. Niache kabisa? (Unguja)

Wa alaykum salaam, dada yangu. Usiache, ila usitafute kasi. Kimbia polepole dakika 30 hadi 40, umalize karibu na adhana ya magharibi ili maji na tende zikukute umefika. Ukitaka kugusa kasi kidogo, fanya baada ya tarawehe, tumbo likiwa limetulia. Mbio ndefu iwe kilomita 10 au 12, usiku pia. Ukisikia kizunguzungu, simama. Unaweza kutoka mwezi mtukufu na uwezo wako karibu wote, kisha ukajenga wiki sita baada ya Idi. Kwa hiyo chagua mashindano yaliyo mbele kidogo.

Hapa Mombasa nikikimbia asubuhi saa yangu inaonyesha nimekuwa mzito. Nimeshuka kiwango?

Hujashuka. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Moyo unafanya kazi mbili: kulisha misuli na kupeleka damu kwenye ngozi. Anza saa 11 alfajiri, na usikilize pumzi zako kuliko saa ya mkononi. Maji kunywa kadiri ya kiu, usijaze tumbo. Dafu ni zuri, lakini lina chumvi kidogo kuliko unayoitoa kwa jasho, hivyo kula kitu chenye chumvi baadaye.

Muundi unaniuma nikikimbia. Niendelee? (Mwanza)

Kama maumivu yameenea na yanapungua ukipata joto, punguza kilomita kwa wiki mbili. Kama ni sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, juu ya mfupa, na inauma hata ukitembea, acha kukimbia leo na uende hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Siku yenyewe nianze vipi? Huwa naanza vizuri, nakufa kilomita ya 16. (Arusha)

Huanzi vizuri, unaanza haraka. Na mimi yalinikuta. Nilitaka 1:45, tarumbeta zikapigwa, nikapita kilomita ya kwanza kwa 4:31 badala ya 4:58 nikijiona mwepesi kama unyoya. Kilomita ya 16 mama mmoja aliyekaa na ndoo ya maandazi alinitazama usoni akasema, "Pole baba, pumzika." Nilimaliza kwa 1:52, dakika saba nje ya lengo.

Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake mpaka hatua za mwisho kabisa. Wote waliandikiwa 2:09:48. Nguvu za hatua zile alizitunza zaidi ya kilomita 40.

Kama lengo lako ni saa mbili, kula chai na mkate saa mbili na nusu kabla, chakula ulichokizoea. Andika mkononi kwa kalamu: kilomita 5, 29:00, kilomita 10, 57:25, kilomita 15, 1:25:50. Ukifika ya 5 kwa 28:00, punguza mara moja. Kuanzia ya 15 ruksa kutoa ulichobakiza, 5:35 kwa kila kilomita, na utepe utaukuta kwenye 1:59:53.